Hakuna mamluki kwenye barafu

Ndiyo kwanza natoka uwanja wa barafu hapa Ottawa, vidole bado vina ganzi.

Kwa msioijua ringeti: ni mchezo wa Kanada, Sam Jacks aliubuni huko Ontario mwaka 1963 kwa ajili ya wasichana. Fimbo imenyooka, badala ya mpira kuna pete ya raba, na huwezi kuvuka mstari wa buluu nayo, lazima umpasie mwenzako. Kugongana kwa makusudi marufuku. Ukigonga, unakaa kibandani dakika 2 na timu yako inabaki pungufu.

Sasa, binti ninayepanga naye nyumba alikuwa aichezee timu ya chuo chao leo.

Muhula huu kapunguza masomo apate zamu nyingi kazini. Asubuhi viongozi wakapitia orodha. Masomo hayatoshi.

Hachezi.

Hakubishana na mtu. Kilichoniuma ni ile fimbo. Jana usiku aliikalia sebuleni akiizungushia utepe mpya, taratibu, kama anayemfunga mtoto bandeji. Leo katikati ya mchezo mwenzake akavunjikiwa yake, akampa hiyo.

Bao likafungwa nayo! Alipiga kelele kuliko ukumbi mzima.

Mimi niliyekulia UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari Tanzania, ambako mamluki (mchezaji asiyestahili) mwenye ndevu aliandikwa kidato cha pili, nilitamani wamwache tu acheze. Ila sheria yao naielewa, wallahi.

Ungekuwa wewe kocha, ungemchezesha? Na mliowahi kuwa mamluki, jitokezeni, hatuwashtaki 😂