Pumzi 20

Wanaotaka kusomea uuguzi hapa Tanzania huanza na maswali mawili: chuo kinataka nini, na ajira zitatoka lini. La kwanza jibu lake ni fupi. Kwa stashahada unahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kwenye cheti cha kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Unakaa chuoni miaka 3, kisha ndipo unasajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. La pili halina tarehe. Matangazo hutoka ghafla na dirisha la maombi halikai wazi muda mrefu, kwa hiyo kagua nyaraka zako wakati hakuna tangazo: jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo na kwenye kitambulisho cha NIDA liwe lilelile, herufi kwa herufi. Mwanaidi na Mwanahidi mbele ya mfumo ni watu wawili, na kurekebisha jina hakuishi kwa siku moja.

Jioni hii ninawaza swali la tatu, lile lisiloulizwa. Nifanye nini wodini miezi ya kwanza ili mgonjwa asiumie mikononi mwangu? Wauguzi wapya huogopa kutafuta mshipa. Kanula, kile kijibomba cha kupitishia dawa mshipani, utaizoea, mdogo wangu, mikono hujifunza haraka. Ninachokuombea ujifunze mapema zaidi ni kuhesabu.

Fungua chati ya mgonjwa yeyote aliyelazwa siku kadhaa. Joto linapanda na kushuka, presha inabadilika, lakini mara nyingi safu ya pumzi kwa dakika inasoma 20, 20, 20, 20, asubuhi na usiku. Hakuna binadamu anayepumua hivyo. Ile 20 imeandikwa na mtu aliyekuwa na wagonjwa wengi na mikono miwili, ninaelewa kabisa. Lakini katika vipimo vyote vya kitandani, pumzi ndiyo huwahi kubadilika mwili unapoanza kuzidiwa, mara nyingi presha ikiwa bado nzuri. Ukiandika namba ya kubuni umeifunika dalili ya mapema kuliko zote.

Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, pumzi moja uliyokosea imekuwa nne. Nunua saa yenye mshale wa sekunde, ya kubandika kifuani. Simu inabeba uchafu kutoka kitanda hadi kitanda na ujumbe mmoja ukiingia umepoteza hesabu. Mtu mzima usimwambie unahesabu pumzi, maana atabadilisha anavyopumua. Maliza mapigo, endelea kushika kifundo cha mkono, macho yahamie kifuani. Kwa mtu mzima aliyetulia 12 hadi 20 ni kawaida. 25 kwenda juu, mwite daktari. Mtoto apakatwe na mama yake, ametulia, nguo imepandishwa, hanyonyi wala halii. Pumzi za haraka kwake ni 60 au zaidi akiwa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kuanzia mwaka 1 hadi 5.

Kwenye dawa nako ni hesabu, na makosa yake huwa yaleyale. Chukua artesuneti ya malaria kali. Kichupa cha 60 mg kinayeyushwa kwanza na 1 ml ya baikaboneti iliyokuja nacho, halafu unaongeza selaini, yaani maji ya chumvi ya hospitali: 5 ml kwa kuchoma kwenye mshipa, 2 ml kwa kuchoma kwenye msuli. Ya mshipa inakuwa 10 mg kwa kila ml, ya msuli 20. Mtoto wa kilo 10 anahitaji 3 mg kwa kila kilo, yaani 30 mg, ambayo ni 3 ml ya mshipa. Aliyechanganya ya msuli kisha akavuta 3 ml amempa mtoto dozi mara mbili, na kwa macho bomba la sindano linaonekana sawa kabisa. Usiweke maji ya sindano badala ya selaini. Kilichochanganywa kitumike ndani ya saa 1. Na uzito upimwe kwa mizani. Kumkadiria mtoto kwa macho ni kubuni namba nyingine.

Pale pumzi na dawa zinapokutana ndipo ninapopata hofu ya kweli: magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Dozi ya kwanza ya mshipa ni gramu 4. Dawa ya 50% vuta 8 ml, ongeza maji ya sindano 12 ml, unapata 20 ml za kuingiza polepole, si chini ya dakika 5. Zinafuata gramu 5 kila tako, kisha gramu 5 tako moja kila baada ya saa 4. Kabla ya kila dozi ya kuendelea angalia mambo matatu: pumzi zisipungue 16, goti liruke ukiligonga, mkojo usipungue 30 ml kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi inasimama. Dawa hii hutoka kwa mkojo. Figo zikizembea inajikusanya na kuzima upumuaji. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magnesiamu ikizidi, 10 ml ya 10%, ikae kando ya kitanda hichohicho, isifungiwe stoo ambayo mwenye ufunguo ameenda nyumbani. Sasa fikiria mama huyu ana pumzi 11 na chati inasema 20.

Nawe una saa zako za kuhesabu. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa papo hapo. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na zimezwe siku 28. Usingoje zamu iishe kwa aibu. Wengi huchomwa wakirudishia kifuniko. Usikirudishe, na boksi la sindano lifungwe likifika robo tatu.

Kukabidhi zamu kufanyike kitandani, si mezani. Mgonjwa mahututi mhesabuni pumzi pamoja, wewe na anayekupokea, mtazame dripu imebaki kiasi gani na mfuko wa mkojo una nini, ndipo mtie sahihi.