Galaksi za nyuzi 12 tu juu ya upeo: nilivyozinasa Mbeya kwa mbao mbili na mfuniko wa ndoo

Wakuu, wale mnaopenda kuwaambia watu "haiwezekani", leo mtulie kidogo. Nilipouliza kama M81 na M82, galaksi mbili za anga la kaskazini, zinapigika picha kutoka Mbeya, mjuaji mmoja akanijibu hizo ni galaksi za Ulaya, sisi wa kusini mwa ikweta tubaki na Mawingu ya Magellan yetu. Mwingine akasema kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 30 achana nacho, unamaliza betri bure. Wa tatu ndo alinikera zaidi, eti nisubiri Julai maana anga la Mbeya linakuwa safi.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. M81 iko nyuzi 69 kaskazini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, sisi tuko karibu nyuzi 9 kusini. Chukua 90, toa 69, toa 9, zinabaki 12. Ikifika juu kabisa upande wa kaskazini inasimama hapo kwenye 12, ngumi moja na ushee ukinyoosha mkono. Ni chache ila zipo. Balaa ni kwamba ukiwa mjini ukatazama kaskazini unaangaliana na mlima Loleza, mita 2,656, na yule anazimeza zote. Hapo ndo watu wanaapa kwamba hazipo.

Na huyo wa Julai sijui aliangalia kalenda ya wapi. Julai giza likiingia M81 ndo inazama, na moshi wa watu kuchoma mashamba nao umeshaanza. Muda wake ni mwishoni mwa Aprili mpaka mwanzoni mwa Mei, inakuwa juu kabisa kwenye saa mbili usiku, mvua ndo zinakatika, hewa imeoshwa, hakuna moshi. Hakikisha tu hakuna mwezi. Inakaa juu ya nyuzi 10 kama masaa matatu na nusu hivi, unatosheka.

Kwa hiyo tukapanda barabara ya Chunya mimi na shemeji na pikapu ya jirani, mafuta tukachangiana, tukavuka mgongo wa mlima mpaka upande unaoshuka, kaskazini peupe kabisa. Mwenyekiti wa kitongoji tulimuaga mapema, usiende kuwasha mataa usiku kwenye kijiji cha watu bila kuaga.

Kamera yangu ni Canon 600D ya mtumba, niliinunua laki tatu na kitu, na lensi ya kuvuta ya milimita 75-300 ile ya bei ya chini, naitumia kwenye 200 maana ikifika 300 picha inalegea. Mashine ya kufuata nyota, ile inayogeuza kamera pamoja na anga, sina na sinunui, bei yake ni ada ya mtoto. Nilienda kwa seremala Mwanjelwa akanipigia mbao mbili na bawaba, na boliti ya M6, ile ya spana namba kumi. Yote haikuzidi elfu ishirini, soda ya fundi ikiwemo. Boliti hiyo ukiizungusha mara moja inapanda milimita moja, kwa hiyo ukiiweka milimita 229 kutoka kwenye bawaba na ukazungusha mara moja kila dakika, ubao wa juu, ule unaobeba kamera, unafunguka kwa kasi ileile anga linavyozunguka. Huku kwetu bawaba inakaa magharibi, boliti mashariki, na ncha ya kusini ya bawaba inainuliwa nyuzi 9. Kwenye ubao wa sentimita 60 ni kuweka kigogo cha sentimita tisa na nusu hivi chini yake, umemaliza. Ukifuata maelekezo ya Wazungu neno kwa neno utaambiwa uelekeze kwenye Nyota ya Kaskazini, ambayo kwa Mbeya iko chini ya ardhi.

Sasa utamu uko kwenye kupata kusini ya kweli. Usiku unatakiwa uione ncha ya kusini ya anga, pale nyota zinapopazunguka na bawaba inapotakiwa kuelekea, nayo huku iko nyuzi 9 tu juu ya upeo, yaani mimi niliyekimbilia upande wa kaskazini wa mlima nina mlima mzima mgongoni. Nilishauriwa nitumie dira ya simu. Nikatumia. Pembeni pikapu, chini boliti, dira inacheza kama jogoo aliyekatwa kichwa, picha zikatoka kila nyota imekuwa mstari. Nikaachana na simu nikaazima timazi kwa fundi mwashi.

Mchana jua likiwa juu kabisa, kivuli cha kamba ya timazi kinalala kaskazini-kusini moja kwa moja, hakuna sumaku wala bando. Ila msiende saa sita kamili! Saa yetu ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya 45, Mbeya tuko 33 na nusu, kila longitudo moja ni dakika nne, kwa hiyo jua linatuchelewea kama dakika 46, halafu msimu ule unatoa kama dakika tatu. Inakuja saa sita na dakika 43. Na uwe mkali, maana jua likiwa juu vile kivuli kinageuka haraka, ukichelewa dakika mbili umekosea zaidi ya nyuzi moja. Nikapigilia vigingi viwili, nikavuta kamba juu ya kivuli.

Hapo ndo akaja mzee mmoja na fimbo yake, akasimama anaangalia vigingi, kamba, timazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Nyie ni wa barabara au wa dhahabu?"

Shemeji akamwambia tunapima jua. Mzee akacheka, akasema kila anayekuja kupima Chunya anaanza na kitu kisicho na bei. Alikaa na sisi mpaka jioni, nadhani alitaka aone tukichimba. Giza lilipoingia tukamuonyesha kundi la nyota la Dubu Mkubwa, huku kwetu yuko kichwa chini miguu juu, na njia ya kufika M81: toka nyota yake ya Phecda nenda nyota ya Dubhe, endelea umbali uleule, chini kushoto. Akasema haoni kitu. Hata sisi hatukuona, lakini kamera iliona.

Kuzungusha boliti ni mkono. Nilifunga mfuniko wa ndoo kwenye boliti, nikachora mistari 60 pembeni, na saa ya ukutani ya sebuleni nikaiweka pale chini. Tik moja, mstari mmoja. Hata taa huhitaji, unasikiliza tu. Mtu atasema mkono unatikisa, sawa, lakini kwenye nyuzi 69 nyota zinatembea polepole, karibu theluthi tu ya kasi ya zile za kwenye ikweta ya anga, kwa hiyo galaksi hizi zinakusamehe sana. Sekunde 30 kila picha, ISO 1600, zaidi ya picha mia, tukizungusha kwa zamu huku meno yanagongana. Njooni na makoti, baridi ya kule hainaga utani. Umande nao ukagonga lensi, nikaifunga waya wa rezista wa kuipasha joto alioniunganishia fundi redio, unakula pawabanki, ukawa umekwisha.

Nyumbani nikazilaza zote pamoja kwa Siril, programu ya bure. Kwenye nyuzi 12 mwanga unapita hewa karibu mara tano ya nyota iliyo utosini, kwa hiyo nusu hivi ya mwanga inapotea njiani, ndo maana picha mia siyo sifa, ni lazima. Kila nyota pia ilikuwa na ukingo wa bluu juu na mwekundu chini kidogo. Nikatenganisha rangi tatu, nikazipanga upya moja moja, ukaisha.

Na zikatoka! M81 duara refu lenye kiini cha njano na dalili ya mkono mmoja wa spirali, M82 pembeni kama kijiti kilichovunjika katikati, zote kwenye fremu moja, umbali wa miaka ya nuru milioni 12. Hiyo M82 ndiyo wanafunzi wa London, Januari 2014, waliipiga haraka mawingu yasije yakafunga, wakakuta nyota imelipuka ndani yake, SN 2014J. Sasa na mimi kila nikipiga naichungulia.

Nilimtumia picha yule wa galaksi za Ulaya. Akauliza nimeinunua wapi.

Msimu ujao naitaka galaksi nyingine, NGC 2403. Ile inapanda mpaka nyuzi 15, kwangu mimi hiyo ni anasa. Ila inatangulia M81 kama masaa mawili na robo, kwa hiyo itabidi niwahi Machi nikaibe usiku mmoja kati ya mvua na mvua, na shemeji ameshaanza kusema anaumwa mgongo.