Ukuta unasubiri minana

Nimekuja Mwanza likizo ya wiki 5, ya kwanza baada ya miaka minne. Siku niliyofika, kabla hata sijamaliza glasi ya maji, nilitoka nje kuutazama ukuta wa kuzungushia nyumba ya mama. Ukuta hakuna. Kuna mchanga wa lori moja, kuna mawe, na stoo kuna mifuko 40 ya saruji imepangwa juu ya mbao. Hela hiyo nimeituma kidogo kidogo tangu Oktoba. Ni hela ya zamu za usiku, za kugeuza wazee wa watu kitandani saa nane usiku. Bei ya mfuko mnaijua, zidisheni wenyewe.

Nilikasirika, sifichi. Nikampigia fundi.

"Kaka, nimekuja mara mbili na vijana wangu," akaniambia. "Mama amekataa tusikate mti."

Mti wenyewe ni mjohoro wa kona, upande wa ziwani, hapa Bwiru, na ukuta lazima upite pale pale. Nikamfuata mama. Alikuwa anachambua dagaa, wala hakuinua kichwa.

"Minana wana watoto, baba. Wakiondoka utakata."

Minana ni wale ndege wanaosuka viota mitini. Nikanyamaza, na sababu ya kunyamaza iko Leeds, Uingereza, ninakofanya kazi. Mwaka jana mwezi wa tano wakala wa nyumba ninayopanga aliniandikia barua kwamba ua wa miti pale mbele umezidi kimo, nisipoukata natozwa. Mnaojipanga kwenda, someni mkataba mpaka ukurasa wa bustani kabla ya kuweka sahihi. Wengi tunaangalia kodi na amana tu, kumbe na majani ni juu yako. Nikaita mtu wa bustani. Akasimamisha ngazi, akapanua matawi kwa mkono, akaona kiota. Akashuka, akakunja ngazi yake. Uingereza wana sheria ya mwaka 1981 inayokataza kuharibu kiota cha ndege wa porini kikiwa kinajengwa au kinatumika. Hakukata hata jani moja, na pauni 40 za kuja kwake akachukua. Pauni 40! Kwa hela hiyo hapa nyumbani unafyekewa kiwanja chako na cha jirani.

Siku mbili nilimchukia yule ndege. Asubuhi ya tatu narudi kutoka zamu, nikamwona kupitia dirisha la jikoni: jike la kahawia, amelalia mayai, mvua inamchuruzika mgongoni, hasogei. Karibu wiki mbili alilalia, na wiki mbili nyingine yeye na dume lake, jeusi tii lenye mdomo wa rangi ya chungwa, wakawa wanapishana na minyoo mdomoni. Katika nyumba ile, wao ndio walionipokea kila asubuhi. Nilimsimulia mama kwenye simu, na kila Jumapili akawa anaulizia ndege kwanza. Nilipomweleza habari ya ile sheria alifurahi sana. "Kumbe na wao wanasubiri," alisema.

Basi ningemwambia nini mbele ya mjohoro wake?

Sasa ni wiki ya tatu, na kila asubuhi nakaa na chai yangu chini ya mti. Dume la mnana, manjano na kichwa cheusi, jicho jekundu, linatua kwenye mgomba wa mama, linang'ata ukingo wa jani na kuruka nalo, uzi mrefu wa kijani unabaki mdomoni. Migomba yote imechanwa nyuzi nyuzi na mama hasemi kitu. Dume likimaliza kusuka linaning'inia kichwa chini mlangoni mwa kiota, linapiga mabawa na kuita. Jike linaingia, linavuta ukuta wa ndani kwa mdomo kuujaribu. Likikubali, linaanza kuingiza majani laini ya kulalia. Likikataa, linatoka. Kiota kikinyauka bila mwenyewe, dume linakifumua uzi kwa uzi na kuanza upya kwa majani mabichi, kwa sababu kiota kikavu majike hawakitaki. Nimeliona dume moja likifumua viota viwili.

Chini ya mti mtoto wa jirani ameniokotea maganda ya mayai: moja jeupe, moja la samawati lenye vidoa vya kahawia. Nilidhani ni ndege wawili tofauti. Kumbe mayai ya kila jike yana rangi yake, na hiyo inalisaidia kutambua yai la kupachikwa. Yule mpachikaji nimemwona, ndege mdogo mwenye mgongo wa kijani unaometa. Anavizia kiota atage humo. Minana walimfukuza mpaka kwenye mwembe wa jirani, kelele mtaa mzima.

Na nyie mnaotuma hela za ujenzi, nunueni saruji siku fundi anaanza kazi, si kabla, hasa masika. Yangu ingeganda. Jirani anayejenga amekubali kuchukua mifuko 30, atarudisha mipya siku tutakapoanza. Fundi naye tumeelewana, atamsubiri mama ampigie.

Mimi naondoka wiki mbili zijazo. Jana jioni tulisimama chini ya mti na mama, kimya, tukisikiliza vifaranga kila jike linapoingia. Viota 19. Saba bado vina sauti.