Gari la mtaani likienda kukimbizwa uwanjani, anza na breki

Siku ya kukimbiza magari uwanjani, ukitaka kujua nani ataondoka mapema, usisikilize ekzosi. Fungua boneti uangalie kile kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa na rangi ya chai ya mkandaa, dereva huyo mzunguko wa nne atakanyaga pedali izame mpaka sakafuni.

Kisa ni unyevu. Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani, na hewa ya Dar maji inayo ya kutosha. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia humo bila kufika kwenye pedi. Baada ya nusu saa breki zinapoa, pedali inarudi, na fundi anakuambia gari ni zima.

Lita moja ya DOT 4 inatosha Altezza au Impreza. Nunua chupa ambayo sili haijaguswa. Ile iliyofunguliwa ikabaki nusu gereji, mwachie mwenyewe. Nyonya mafuta ya zamani kwenye kikopo kwa bomba la sindano, jaza mapya, kisha toa hewa iliyo ndani ya mabomba ya breki, gurudumu moja moja kwa mpangilio wa kitabu cha gari lako. Msaidizi akanyage na kushikilia, wewe legeza kijinati cha kutolea hewa kwenye breki robo duru, ufunge kabla hajaachia mguu. Rudia mpaka yatoke meupe bila povu. Kikopo kikikauka katikati, umevuta hewa na unaanza upya. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji hapo hapo.

Pedi zilizobaki chini ya milimita 6 usiende nazo: zinaisha haraka na zinapitisha joto kwenye kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, yaani unarudi kwenye mafuta kuchemka. Pedi mpya nazo zinahitaji kuzoeshwa diski. Nje ya makazi, alfajiri, punguza mwendo kutoka 80 hadi 20 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, halafu endesha dakika kumi bila kugusa breki.

Matairi ya mtumba yenye kashata nene yanadanganya wengi. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la umri huo limeshakuwa gumu, hata kashata iwe nene vipi. Anza na upepo wa kwenye stika ya mlango wa dereva, chora mstari wa chaki kutoka kashata hadi ubavuni, zunguka mara tatu, kisha pima tairi likiwa moto. Utakuta psi 4 hadi 6 zimeongezeka. Chaki ikifutika mpaka ubavuni, upepo ni mdogo. Ikibaki kwenye bega la kashata, punguza psi 2.

Nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo hukazwa Nm 103 kwa spana ya kupimia. Kurukia spana kwa mguu si kipimo.

Halafu kuna thermostat, kivalvu kinachofungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta yakishapata moto, ambayo mafundi wetu wanapenda kuing'oa "ili injini ipoe". Kwenye injini nyingi za Toyota thermostat ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta, na gari linachemka pale pale ulipodhani umelisaidia. Rudisha mpya, weka kulanti, badilisha na mfuniko wa rejeta kama mpira wake umepasuka. Oili ijae hadi alama ya juu, kwa sababu kwenye kona ndefu inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa.

Toa jeki, spea, makapeti na chupa za maji chini ya kiti. Betri isicheze.

Ukimaliza, zunguka mara moja polepole, karibu bila breki. Ukisimama usiendelee kukanyaga, maana pedi za moto huacha doa kwenye diski na breki zitatetema njia nzima. Hendibreki usivute, weka gia na tofali nyuma ya tairi. Matairi yakipoa, rudisha upepo wa stika na kaza nati tena kabla hujaingia barabarani.