Alama mbili za koa

Juzi binti yangu anafanya homuweki, akauliza bila hata kuinua kichwa, hivi baba kuna mnyama anajitengenezea chakula kwa jua kama mmea? Nikamwambia subiri nakuja, nikatoka nje kabisa. Maana hilo swali nishawahi kulisahihisha, na sina uhakika nililisahihisha vizuri.

2012 hiyo, nafundisha baiolojia, mwalimu mpya, peni nyekundu ndiyo cheo. Swali lilikuwa rahisi, taja tofauti kati ya mimea na wanyama, wote wakaandika mimea hujitengenezea chakula wanyama hawajitengenezei, nikawa natiki tu bila kusoma mpaka nikafika kwa binti mmoja wa dawati la nyuma, kaandika "isipokuwa koa mmoja wa baharini", koa yaani yule kama konokono asiye na gamba. Nikachora X, alama mbili zikaenda, pembeni nikaandika: acha hadithi.

Kesho yake kaja mezani. Hakulalamika. Kaweka karatasi iliyoprintiwa, akasema Mwalimu samahani, hiki ni nini? Nikaangalia. Nikasema jani. Kwa sababu lilikuwa jani jamani, kijani kimekolea, limejitandaza, lina mishipa inayogawanyika mpaka pembeni. Akasema Mwalimu angalia hapo kwenye kikonyo. Nikasogeza karatasi karibu. Kikonyo kina kichwa. Kichwa kina vipembe viwili. Nikaendelea kuangalia kama vile kile kitu kitageuka kuwa jani tena nikivumilia, darasa zima kimya, wino wa printa haujakauka vizuri umeniachia kijani kwenye dole gumba. Nikamwambia kakae.

Usiku nikasoma. Koa huyo anaitwa Elysia chlorotica, yuko pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, ananyonya mwani, vingine vyote anasaga ila kloroplasti, vile vichembe vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa jua, anazihifadhi kwenye seli za utumbo wake, na ile "mishipa" niliyoiona kumbe ndiyo utumbo wenyewe umetawanyika mwili mzima! Anaweza kumaliza miezi tisa hivi bila kula. Ila anazaliwa hana ukijani, kila kizazi kinaanza kuiba upya, nikalishika hapo hapo: si anaiba? Kuiba jiko la mtu siyo kujua kupika. Basi X yangu ikabaki, na muhula ukaisha.

Mwaka uliofuata, 2013, ikatoka tafiti nyingine, wamechukua jamaa zake wa aina mbili wakawaweka gizani wiki na wiki, wakapungua uzito lakini wakaishi, karibu sawa na waliokaa kwenye mwanga. Yaani labda zile kloroplasti ni akiba tu, kama nundu ya ngamia, jua halina kazi kubwa kama tulivyodhani. Nilifurahi siku hiyo. Naona aibu kusema lakini nilifurahi, nikatamani nimtafute yule binti nimuonyeshe, halafu nikajiuliza nimuonyeshe nini hasa, kwamba hata wanaofanya kazi hiyo maisha yao yote bado wanabishana, na mimi nilimaliza kwa sekunde mbili na maneno "acha hadithi"?

Niliporudi ndani binti yangu alishachoka kusubiri. Kaandika "hakuna". Nikamwambia aandike "inategemea".

Akasema baba, mwalimu atanikata.

Sikumbishia.