Jinsi Nilivyofuma Foronya ya Mto Yenye Nakshi za Misuko

Foronya ninayoisimulia hapa niliifuma mara mbili. Mara ya kwanza niliifumua ilipofika kimo cha sentimita 20, baada ya kuilaza juu ya mto na kuona kwamba upana wake umepungua kwa sentimita 11 nzima. Mara ya pili ilikubali. Sikubadilisha uzi wala sindano. Nilichobadilisha ni namna ya kupima, na hilo ndilo hasa ninalotaka kulieleza, kwa kuwa nakshi za kuinuka zina tabia ambayo ufumaji wa kawaida haukunifundisha.

Mto wenyewe ni wa mraba, kila upande sentimita 45. Nilipanga foronya iwe ya sentimita 43, kwa sababu kitambaa kilichofumwa kwa sindano hunyumbulika, na foronya iliyolingana kabisa na mto hulegea baada ya muda na kufanya mikunjo kwenye pembe. Nakshi niliyoichagua ni misuko inayopanda kutoka chini hadi juu, mfano wa nywele zilizosukwa, kila msuko ukiwa na vitanzi 6.

Nakshi ya namna hii hutegemea kivuli kuliko rangi, na uchaguzi wa uzi nao ulifuata jambo hilo. Nilichukua uzi wa sufu wa rangi ya maziwa, uliosokotwa kwa nyuzi nne na wenye umbo la mviringo, kwa sababu uzi wa aina hiyo huonyesha kila kitanzi waziwazi. Uzi wenye manyoya marefu huziba mabonde yaliyo kati ya misuko, uzi mweusi humeza vivuli vyote, na uzi wa rangi mchanganyiko hulivuta jicho mbali na umbo. Pamba nayo ni nzuri na hufulika kwa urahisi, lakini haina mnyumbuko wa sufu, na mikono huchoka upesi wakati wa kupishanisha vitanzi. Nilinunua madonge manne ya gramu 100, kila moja likiwa na mita 200 hivi, nikahakikisha yote yana namba moja ya kundi la rangi, kwani madonge yaliyotiwa rangi siku tofauti huweza kuacha mstari unaoonekana katikati ya kazi. Nilitumia karibu matatu.

Kosa langu lilianzia kwenye kipande cha majaribio. Nilikifuma kwa sindano za milimita 5, kwa ufumaji laini wa kawaida, nikapata vitanzi 18 katika kila sentimita 10. Nikazidisha kwa upana niliouhitaji, nikapata vitanzi 77, nami nikafurahi kwa sababu idadi hiyo iligawanyika vizuri: misuko minane, nafasi tisa za vitanzi vitatu vitatu, na kitanzi kimoja cha ukingo kila upande. Nilianza kufuma nikiwa na imani kamili. Kitambaa kilipokuwa kinakua nilihisi kinakazana mkononi, nikadhani kitajinyoosha chenyewe. Hakikujinyoosha. Nilipokilaza juu ya mto kilikuwa na upana wa sentimita 32.

Nilipokaa kukitazama kwa utulivu, sababu ilionekana. Vitanzi sita vinapopishana, vitatu hupanda juu ya vitatu vingine, na sehemu ambayo ingechukua zaidi ya sentimita 3 ikiwa bapa hubaki na sentimita 2.3 tu, kwa kuwa upana uliobaki umegeuka kuwa unene. Hata vitanzi vya nyuma vilivyo kati ya misuko, yaani vile vinavyoonekana kama vinundu vya kulala, huvutwa na kuzama ndani. Kwa hiyo kipimo nilichokichukua kwenye ufumaji laini hakikuwa kipimo cha kitambaa nilichokuwa nakifuma.

Nilifumua yote, nikauzungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, nikaulowesha na kuuacha ukauke ili mawimbi yake yatoke. Kisha nikafuma vipande viwili vipya vya majaribio, kimoja cha misuko na kingine cha nakshi ninayoiita punje za mchele, ambayo hupatikana kwa kupokezanisha kitanzi cha mbele na cha nyuma, na katika kila safu kuweka kinyume cha kile kilichokuwa chini yake. Vyote viwili niliviosha na kuvikausha kabla ya kupima, kwa sababu sufu hubadilika ikiguswa na maji. Punje za mchele zilinipa vitanzi 17 kwa sentimita 10. Sasa nilipima kila nakshi peke yake na kujumlisha: misuko mitano ilichukua sentimita 11.5, nafasi sita kati yake na pembeni zikachukua 9, na zile sentimita 22.5 zilizobaki nikazigawa pande mbili, kila upande vitanzi 19 vya punje za mchele. Pamoja na kingo mbili, jumla ilikuwa vitanzi 88. Vitanzi 11 zaidi ya mara ya kwanza, na misuko mitatu pungufu; nami naona misuko mitano yenye nafasi ya kupumua inapendeza kuliko minane iliyobanana.

Kimo kilikuwa safu 108. Misuko niliipishanisha kila baada ya safu 8, kuanzia safu ya 7 hadi ya 103, ili nafasi iliyobaki chini ikaribiane na ile ya juu. Kupishanisha kwenyewe si kazi ngumu kama kunavyoonekana. Nilihamishia vitanzi vitatu vya kwanza kwenye sindano fupi yenye ncha mbili, nikaiacha ining'inie nyuma ya kazi, nikafuma vitatu vilivyofuata, kisha nikarudi kuvifuma vile vitatu vilivyokuwa vinasubiri. Sindano fupi ikikaa nyuma, msuko huelekea kulia. Ikikaa mbele, huelekea kushoto. Ile fupi yangu ilikuwa ya milimita 4, nyembamba kuliko zile kubwa, ili vitanzi vinavyosubiri visipanuke. Misuko miwili ya upande wa kushoto niliielekeza kulia na miwili ya upande wa kulia nikaielekeza kushoto, na ule wa katikati niliuacha uelekee kulia.

Nilipofika safu ya 62 niliiinua kazi kwenye mwanga wa dirisha na kuona kwamba msuko wa pili, kwenye safu ya 47, umeelekea upande usio wake. Moyo ulinishuka, maana kufumua safu 16 za vitanzi 88 ni kazi ya siku mbili kwangu. Lakini kosa lilikuwa ndani ya vitanzi sita tu, na vitanzi 82 vingine havikuwa na hatia yoyote. Nilivichomoa hivyo sita peke yake, nikaviacha vishuke polepole mpaka safu ya 46, nikavidaka kwa sindano fupi. Juu yake zilibaki nyuzi 16 zilizolala moja juu ya nyingine kama vipandio vya ngazi. Nikapishanisha upya kwa uelekeo sahihi nikitumia uzi wa kipandio cha kwanza, nikaendelea kupanda kipandio kimoja kimoja kwa sindano mbili fupi, nikakumbuka kupishanisha tena kwenye safu ya 55, mpaka nikafika juu. Vitanzi vya mwisho katika kila safu vilikuwa vinabana, kwa hiyo kila mara nilisawazisha kwa ncha ya sindano, nikivuta uzi kidogo kutoka kwenye kitanzi kilicholegea na kuupeleka kwa kilichobana. Jioni nzima iliishia hapo, na siijutii hata kidogo.

Baada ya kufunga vitanzi, kitambaa hakikuwa mraba. Safu za punje za mchele hushikana kuliko safu za misuko, kwa hiyo pande zilikuwa fupi kwa sentimita 3 na sehemu ya katikati imetuna kama tumbo. Hapo ndipo sufu ilipothibitisha thamani yake. Nilikilowesha kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika 20, nikakikamua kwa kukiviringisha ndani ya taulo bila kukisokota, nikakitandaza juu ya kipande cha godoro la sponji na kukizungushia pini zisizoshika kutu, nikivuta pande hadi mraba wa sentimita 43 ukatimia. Kilikauka kivulini kwa siku mbili. Pasi sikuigusa kabisa, kwa sababu joto na uzito wake hulaza misuko, na kazi yote ya kupishanisha ikapotea kwa dakika moja.

Upande wa nyuma niliufuma kwa ufumaji laini, vipande viwili vya kimo cha sentimita 25.5 kila kimoja, ili vipandiane kwa sentimita 8 na kuacha mlango wa kuingizia mto. Hapa ule upimaji wangu wa kwanza ulifaa: vitanzi 77, na viwili vya mshono. Kingo za mlango nilizifuma kwa kupokezanisha vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma kwa kimo cha sentimita 4, zisije zikajikunja, na kwenye ukingo wa juu nikaacha matundu manne ya vifungo vya mbao. Kuunga nilitumia uzi uleule na sindano butu, nikishona kutoka upande wa nje, nikiokota uzi mmoja wa kulala upande huu na mmoja upande ule, na kukaza kila baada ya sentimita 5; mshono wa namna hiyo huzama ndani na kingo mbili huonekana kama zimeota pamoja.

Mto ulikuwa na kitambaa cha kijivu, nacho kikawa kinachungulia kati ya vitanzi, kwa hiyo niliushonea kwanza gauni jembamba la pamba la rangi ya maziwa kabla ya kuuvisha foronya. Sasa uko kwenye kiti kilicho karibu na taa. Mwanga unapoupiga kutoka ubavuni, kila msuko hulaza kivuli chake kwenye bonde la jirani, na ile sehemu niliyoirekebisha siitambui tena mpaka nianze kuhesabu mapishano kutoka chini, moja, mbili, hadi la sita.