Jinsi nilivyokiingiza kitongoji chetu kwenye ramani

Mwezi wa tisa mwaka juzi nilinunua bati 40 za geji 30 Morogoro mjini, nikamwelekeza dereva wa kenta kwa simu: ukifika Dumila shika barabara ya Kilosa, ukiingia njia ya vumbi ulizia Mtakuja. Akaulizia. Saa mbili usiku akanipigia kwa furaha: mzigo umeshashuka, na mwenyekiti amempokea vizuri sana.

Mwenyekiti yupi? Wetu nilikuwa nimekaa naye kibarazani.

Bati zangu zilikuwa zimeshushwa Mtakuja nyingine kabisa. Kuzirudisha kulinigharimu 120,000, na bado dereva alinilaumu mimi. Kwa kweli alikuwa na haki kidogo. Tanzania hii Mtakuja, Songambele, Majengo na Muungano ziko kila unapopita. Ya kwetu, wazee wanasimulia, ilipata jina wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974: waliotangulia kuhamia waliwaambia wenzao waliogoma, "mtakuja tu." Wengine walikuja kweli. Wengine wajukuu zao wapo hadi leo ng'ambo ya korongo.

Tatizo la kitongoji ni kwamba kiko na hakipo. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kinachosajiliwa ni kijiji. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayoweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Sisi tuna mwenyekiti tu, na ofisi yake ni kile kibaraza. Kaya sitini na kitu. Ukitaka barua unatembea kilomita sita hadi kwa mtendaji. Kwenye ramani ya simu, mahali petu palikuwa rangi ya kijani tupu.

Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa hukuhuku, kwa hiyo kila nyumba naijua. Taarifa za sensa ni siri, sikugusa hata moja. Ila miguu ilikuwa imeshaizoea njia.

Nikaamua kutumia OpenStreetMap, ramani ya bure iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kufungua akaunti na kuirekebisha. Jambo ambalo wengi hawalijui: GPS ya simu haili bando. Inasoma satelaiti moja kwa moja, hata pale ambapo huwezi kupiga simu. Kwa hiyo nilipakua OsmAnd, programu ya simu inayotumia ramani hiyo, nikiwa Dumila, nikarudi kijijini, nikaiwasha irekodi njia, nikaanza kutembea. Simu naichaji kwa Mangi mwenye duka, kwenye sola yake, shilingi 300. Jioni nina mstari kamili wa nilipopita.

Siku ya pili niliitwa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Binti, naambiwa unapima mashamba ya watu."

Nilijilaumu. Hii ni Kilosa, wakulima na wafugaji wamegombana mpaka damu imemwagika, na kuna mashamba makubwa ya zamani ambayo kila mtu anasubiri kuona yatagawiwa nani. Mtu akizunguka na simu mkononi huku anaandika, anayewaziwa ni mwekezaji. Nilipaswa kuanzia kwake, si kuishia kwake. Nilimwomba anipe dakika kumi kwenye mkutano wa Jumapili.

Pale mkutanoni maelezo yangu hayakumshawishi mtu. Kilichosaidia ni mama mmoja aliyesogea, akaangalia picha ya satelaiti kwenye simu, akauliza, "Kwangu ni wapi?" Nikamwonyesha bati lake na mwembe wake. Basi, ikawa foleni. Tulikubaliana: sitachora mpaka wa shamba la mtu, na sitaandika jina la mtu juu ya nyumba. Njia, visima, shule, duka, makanisa na msikiti tu.

Majina ndiyo yalinichukua muda kuliko kutembea. Korongo wakulima wanaliita hivi, Wamasai wanaliita vingine. Kumbe ramani inapokea jina zaidi ya moja, nikaweka yote mawili. Duka nikaandika "Kwa Mangi." Mwenyewe akacheka: "Mimi Mpare, lakini andika tu, ukiandika jina langu hakuna atakayefika."

Kosa langu kubwa lilikuwa uvivu. Kipande cha mwisho sikukitembea, nilikaa Dumila kwenye mtandao mzuri nikachora barabara kwa kufuatisha picha ya satelaiti. Ilionekana safi, nyeupe, imenyooka. Niliporudi nayo kijijini nikakuta pale ninaposimama ni shamba la mpunga. Picha ilikuwa ya zamani, ya kabla mafuriko hayajala ile barabara na watu kupasua nyingine juu zaidi. Nikafuta, nikavua viatu, nikatembea upya. Anayetaka kufanya hivi kwao, picha imsaidie kuona mapaa ya nyumba tu. Njia aikanyage mwenyewe.

Mabadiliko yalionekana kwenye tovuti siku ileile. Zile ramani zinazopakuliwa kwenye simu ndizo zilichelewa, zinasubiri toleo jipya. Sasa simwambii dereva "ulizia Mtakuja" tena. Namtumia alama ya duka kwa WhatsApp, naye anaifuata. Kenta ya saruji ilifika saa nane mchana bila kumuuliza mtu, na mwenyekiti akatoka kibarazani kuangalia kulikoni.

Wiki iliyopita bodaboda mmoja mgeni alinipigia.

"Dada, ramani inaniambia nivuke daraja. Daraja liko wapi?"

Lilikuwa la magogo, mvua za mwezi huu zimeondoka nalo. Nilimwelekeza apite juu, kwenye mkuyu, kisha nikaenda kwa Mangi kuchaji simu.